Bangili ya Bi. Melania

Mzee Yona Ndahani alifika msibani kwa kuchelewa, kama ilivyo haki ya mtani, na kabla hajampa pole mtu yeyote alisimama katikati ya uwanja, akainua pua juu, akanusa.

"Nyie Wahehe," alisema, "hata leo mmeshindwa kujizuia? Nasikia mbwa anachemka huko jikoni."

Waliokuwa wakilia tangu asubuhi wakacheka na machozi yao. Mwanamke mmoja akamrushia kipande cha ukoko, akamwambia arudi kwao Ugogoni akalambe mlenda. Ndivyo inavyokuwa. Mhehe akifa, Mgogo ndiye anayeruhusiwa kusema yale ambayo mfiwa hawezi kuyasema, na kuchukua kitu chochote cha marehemu akakishikilia mpaka kigombolewe. Asiyejua mila anaweza kudhani ni utovu wa adabu. Basi na adhani.

Skolastika Mdemu hakucheka. Alikaa mkekani na wanawake wenzake, shali imemkaza mabega kwa baridi ya Julai, macho yake yakiwa kwenye meza ndogo iliyobeba vitu vya marehemu: koti la sufu la kijivu, miwani, mkongojo, na bangili nyeusi isiyo na urembo wowote. Bangili hiyo aliitengeneza yeye.

Bi. Melania Luvanda alikuwa mshauri nasaha wa zahanati ya mtaa. Wenye homa ya vumbi walimwendea yeye, wakamwambia majina yao ya kweli, wanakolala na nani anapumua karibu nao, kwa sababu bila hayo dawa haipimiki. Na sheria ilikuwa inajulikana hata na watoto: mwenye homa ya vumbi hupelekwa Ng'ambo, upande wa pili wa bwawa, apate au asipate nafuu. Malori ya Idara iliyosimamia sheria hiyo yalikwenda huko yamejaa na kurudi matupu. Kwa hiyo kila neno alilosikia Bi. Melania liliingia ndani ya bangili likiwa limesimbwa, yaani limegeuzwa tarakimu zisizosomeka, na programu iliyolisimba Skolastika aliipa jina la Kufuli Hai.

Ufunguo wa kufuli hilo haukuwekwa mahali popote, ndiyo maana haukuweza kuibwa. Programu iliuunda upya kila mara kutoka kwa mwenyewe: anavyotembea, anavyovuta pumzi kabla ya neno gumu, anapokatisha sentensi. Sauti za kutengenezwa na mashine ilizikataa, maana mashine haikosei kama binadamu anavyokosea. Mtu mwenye hofu pia ilimkataa, hata kama ni mwenyewe, ili bunduki isiwe na faida. Na mwenyewe akifa, kufuli lilibaki limefungwa milele, lakini dawa haikukatika. Mgonjwa aliingiza mkono kwenye dirisha la zahanati, lililotoa dawa za kila ugonjwa, hesabu ikafanyika ndani ya kufuli bila kulifungua, popote bangili ilipo, kama mama apimaye unga gizani kwa mkono wake, kidonge kikaanguka. Hata dirisha halikujua limemhudumia nani.

"Akiondoka, siri zenu anaondoka nazo," Skolastika aliwaahidi wagonjwa siku ya kwanza, wakiwa wamejifunika nyuso kwa khanga na makofia. Walimwamini.

Sasa Ndahani alilifikia lile koti. Alilivaa, akatia miwani puani, akaitia bangili mkononi, akashika mkongojo. Kisha akageuka, na Ndahani hakuwepo tena.

Mguu wa kushoto uliburuta. Pumzi ilisimama kidogo kabla ya kila hatua ya tatu, kama ya mama yule alipokuwa akipanda ngazi ya zahanati. Alimwendea mwanamume mmoja mnene aliyekaa mstari wa mbele, akajishusha taratibu kwenye kiti, akasafisha koo.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kunywa maji kwanza. Maneno hayaozi."

"Shikamoo mama," yule mwanamume akajibu kabla hajajijua, na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko na kilio pamoja. Binti wa marehemu alijitupa magotini pa Ndahani, naye akampapasa kichwa kwa kiganja kilichokunjwa nusu, vilevile kabisa. Hakuwa anamcheka Bi. Melania. Alimpenda, na alimjua kwa miaka thelathini ya kutaniana.

Kwenye bangili kiliwaka kitaa kidogo cha kijani.

Skolastika alikijua kitaa kile. Kilikuwa kikimwakia Bi. Melania kila asubuhi, na kilimaanisha kitu kimoja tu: kufuli liko wazi. Aligeuza macho kwenye viti vya wageni, chini ya turubai, alipokuwa amekaa Afisa Stambuli wa Idara, aliyekuja kutoa rambirambi. Stambuli alikuwa akipiga makofi na wenzake. Kisha mikono yake ikapungua kasi, ikatulia mapajani, na uso wake ukabaki umeelekea mkono wa mtani.

*

Alimkuta Ndahani nyuma ya banda la kuku, akipumzika. Skolastika alikuwa na jogoo kwapani, kisingizio cha kwenda kugomboa vitu.

"Mikono ya birika nyie," alisema Ndahani akimtazama jogoo. "Kakonda hivi kwa dhambi gani?"

"Mtani, usiivue hiyo bangili."

"Sivui mpaka nione jogoo wa kueleweka."

"Mzee Ndahani, nakuomba unisikilize."

Akamsikiliza. Skolastika alieleza haraka, kwa sauti ya chini, na kadiri alivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kuinama. Mwisho akaitoa miwani ya marehemu, akaishika kwa mikono miwili.

"Kumbe nimefukua kaburi la mtu."

"Hukujua. Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Niliwafikiria wezi, nikawafikiria askari, nikazifikiria mashine. Wewe sikukufikiria. Nani humweka mtani kwenye hesabu ya maadui?"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alizaliwa na kukulia Iringa, alishaona watani wakiwavaa marehemu tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na alipokaa kuandika Kufuli Hai akaandika kana kwamba wafu wa kwao hawaigizwi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye aliisahau kata.

"Nikiivua si itajifunga?" aliuliza Ndahani.

"Itajifunga. Lakini Stambuli ameona. Na si lazima awe wewe. Mji mzima unajua Bi. Melania alivyotembea. Atamtafuta mtani mwenye njaa, amlishe, amlipe, naye ataigiza huku anacheka. Mtu anayecheka hana hofu."

"Basi yafute yote."

"Yakifutwa, dirisha la dawa linakufa. Wagonjwa ni zaidi ya mia nne. Watachagua, wajipeleke Idara au wabaki nyumbani na mapafu yageuke mchanga."

Toka uwanjani walisikia watu wakianza wimbo. Ndahani alichukua kikopo cha ugoro mfukoni, akakigonga kifuniko mara mbili kwa kidole cha kati, ila hakukifungua.

"Kuna njia nyingine, la sivyo usingekuja na huyu jogoo wako."

"Kufuli likiwa wazi, mwenyewe anaweza kumkabidhi mtu mwingine. Kuanzia hapo linamfuata huyo mpya, la Bi. Melania linakufa. Sasa hivi linaamini wewe ndiye Bi. Melania. Utanikabidhi mimi."

"Wewe una mtoto, una Vaileti."

Skolastika alimhamishia jogoo kwapa la pili.

"Stambuli anajua anakosoma?"

"Anajua."

"Basi wewe watakufungua kama karanga, hata kufuli lenyewe likikataa. Nipe mimi."

Na hapa, ukweli usemwe, Skolastika alifarijika. Alisikia mzigo ukiinuka mabegani kabla hata hajakubali kuutua, akaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Alijua anachokubali. Kumfanya mtu ufunguo ni kumfanya mlango, na mlango hupigwa mateke. Alifungua mdomo akatae, na hakukataa.

"Wakikuiga na wewe je?" ndilo pekee alilouliza.

Ndahani akacheka, akianza kicheko kabla ya utani wenyewe kama ilivyokuwa kawaida yake. "Mimi ndiye huiga watu, we binti. Nani ataniiga mimi? Nyie Wahehe hamjui kuigiza, mnajua kununa."

Akairudisha miwani puani. Mguu ukalegea, pumzi ikasimama mahali pake, na Bi. Melania akamtazama Skolastika kwa macho yaliyokuwa yamesikia kila kitu.

"Ninayo maneno ya watu hapa," ilisema sauti ile. "Ndahani, we Mgogo, umenisumbua miaka thelathini. Chukua, uyatunze. Usimwambie mtu."

Skolastika alilia waziwazi, kwa sababu ndivyo hasa mama yule angesema. Mzee akavua miwani, akavua koti, akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Aligonga kikopo mara mbili. Akavuma puani kipande cha wimbo wa kwao, ule aliouvuma kila alipotaka kuanza jambo, akayumbisha kiuno kidogo.

"Haya, Mhehe," alisema kwa sauti yake. "Nimebeba."

Kitaa kikazimika, kikawaka, kikazimika.

*

Watu wa Idara walimchukua Ndahani nyumbani kwake, karibu na bwawa, akiwa anabangua karanga. Mkewe, Mazoya, alisimulia baadaye kwamba aliwatania askari viatu vyao mpaka wakafika garini. Bangili walikwenda nayo.

Skolastika alipita zahanati kila asubuhi. Alisimama ng'ambo ya barabara akajifanya anachagua nyanya, akaona mikono ikiingia dirishani, mmoja baada ya mwingine, ikitoka imefumba. Dawa ilikuwa inatoka. Kwa hiyo kufuli lilikuwa limefungwa, na kwa hiyo Ndahani alikuwa bado anashikiliwa. Hakuweza kufurahia la kwanza bila kuliombea msamaha la pili.

Siku moja Afisa Stambuli alikuja ofisini kwake, akaomba kiti kwa heshima.

"Mama Vaileti, habari za kazi? Mtoto hajambo? Nasikia anapenda hesabu kama mama yake." Alikaa. "Tulimleta mtani wa pili, kijana hodari sana, akamwigiza Bi. Melania mpaka walinzi wangu wakamwamkia. Bangili ikanyamaza. Nikajiuliza, nani alikwenda kugomboa vitu siku ile?"

"Ni mila yetu."

"Ni mila nzuri. Kwa hiyo kufuli sasa ni la mzee mwenyewe." Hakuwa anauliza. "Nakupongeza, uliliandika vizuri. Halimkubali mwenye hofu. Basi tukajaribu kumtuliza. Tumempa chai, tumempa godoro, tukampelekea karanga abangue. Lakini mtu akishajua mlango umefungwa kwa nje, hata chai inamtetemesha. Na sasa anakohoa. Nilikuwa naomba ushauri wako wa kitaalamu."

"Mwachieni aende kwake."

"Ndicho nilichokuwa nafikiria," alisema Stambuli, na Skolastika akapata baridi kwa jinsi alivyokubali upesi. "Unajua, wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nadhani kifo kinaumbua mengi zaidi ya maradhi."

Wakamrudisha kwa gari la Idara, amefungwa blanketi. Hakutania mtu. Mazoya alimlisha uji kwa kijiko, naye akaaga dunia kabla mwezi haujaandama.

*

Skolastika alikwenda na kundi la Wahehe, na njiani alikuwa akiomba Mungu apatikane mtani mwingine wa yule mzee. Hakupatikana. Wote walijua kwamba baada ya Bi. Melania, aliyekuwa akitaniana na Ndahani zaidi ni yeye.

Uwanja wa marehemu ulitazama bwawa. Ng'ambo kulikuwa na mapaa marefu ya bati, hakuna moshi. Watu walikuwa wengi kuliko wakaazi wa kijiji kile, wengine wametoka mbali, wamesimama pembeni na makofia yameshuka machoni. Hakuwauliza majina. Afisa Stambuli alikuwa mstari wa mbele, na kwenye magoti yake mfuko wa kitambaa.

"Vitu vya marehemu vilivyobaki kwetu," alimwambia Mazoya kwa upole, akamkabidhi kofia na kikopo cha ugoro. Bangili alimpelekea Skolastika mwenyewe. "Mtani huvaa vyote, sivyo? Tusiharibu mila."

Mkono wake ulikuwa wa joto alipoibana ile bangili. Skolastika alitazama kushoto na kulia. Angekataa, msiba ungeharibika, na Stambuli angemwuliza mbele ya watu anakataa kwa nini. Wazee wa Kigogo walikuwa tayari wanampigia makofi ya kumwita.

"Mhehe, simama! Au umeshiba mbwa?"

Alisimama. Alijiambia hofu yake itatosha, kwamba kufuli litaisikia ikipiga ngoma na kukataa. Alivaa kofia. Aligonga kikopo mara mbili kwa kidole cha kati.

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa mshangao. Skolastika akavuma puani kile kipande cha wimbo, kiuno kikayumba chenyewe, na jambo ambalo hakulitarajia likamtokea: hofu ilimtoka. Mzee alikuwa pale. Alikuwa kwenye magoti yake na kwenye koo lake, akicheka kabla ya utani, na Skolastika alifurahi kumwona kiasi kwamba alisahau alipo.

"Nyie Wahehe," alisema, "mmekuja kunizika au kuhesabu mbwa wangu?"

Kicheko kilipanda uwanjani kote. Mazoya alisimama mikono kichwani, machozi yanamtiririka.

"Ndiye!" alipiga kelele. "Jamani, ndiye mwenyewe! Baba huyo!"

Bangili ikapata joto. Skolastika alikiona kitaa cha manjano kikipepesa, kile kinachotangulia kijani. Akaona vidole vya Stambuli vikitulia mapajani. Akawaona wale wenye makofia, na mmoja wao, mwanamume mnene, akikohoa kwenye kiganja chake.

Ilibaki sentensi moja. Aliijua: Haya, Mhehe, nimebeba. Ilikuwa imeshafika mdomoni, na mwili wake mzima ulitaka kuisema, kwa ajili ya Mazoya, kwa ajili ya mzee aliyestahili kuagwa kama watu.

Akabana pua. Akalegeza ulimi kama mlevi wa kwenye maigizo ya redioni, akatoa mkono mbele kama ombaomba, akaanza kupita kwa watu akilia kwa sauti nyembamba, "Naomba mia, naomba mia, mimi Mgogo sina kitu." Utani wa kitoto, ule wa kijinga kuliko yote, ambao Ndahani aliudharau maisha yake yote.

Kicheko kikakatika. Akaendelea. Aliendelea mpaka bangili ikapoa kabisa mkononi, na bado akaongeza kidogo.

"Siye," alisema Mazoya. Mikono yake ilishuka taratibu. "Mume wangu hakuwa hivyo. Mwondoeni huyu."

Mzee mmoja alimjia Skolastika, akamvua kofia kichwani bila kumtazama, akamnyang'anya kikopo. "Mtani gani wewe?" alisema. "Yeye aliwazikia watu wenu kwa heshima." Wanawake wa Kihehe waliinamisha nyuso kwa aibu. Kati ya wale wenye makofia hakuna aliyejua amefanyiwa nini, nao pia walimtazama kwa chuki.

Stambuli alikuja kuifungua bangili, kwa adabu ile ile.

"Pole sana. Ulianza vizuri." Akaitia mfukoni, akaupitia uwanja kwa macho, uso kwa uso, bila haraka. "Alikuwa mtu wa watu huyu mzee. Lazima wapo wengi wanaomkumbuka vizuri."

Mtani aliyeharibu msiba hapewi chakula. Skolastika alipita kando ya masufuria, akapita mbele ya Mazoya aliyempa kisogo, akaingia njiani. Hakumweleza. Angemweleza, naye Mazoya angekuwa na jambo la kufichwa, na Stambuli angeliona usoni pake kabla ya jua kuzama.

Kesho yake alisimama tena ng'ambo ya barabara, mbele ya nyanya. Mkono uliingia dirishani, kidonge kikaanguka, mkono ukatoka umefumba. Muuza nyanya alimwona mteja wake anaanza kuvuma wimbo puani, kisha anajiziba mdomo kwa kiganja kama aliyeshikwa akiiba.

Tangu siku hiyo Skolastika alijizuia kumkumbuka Ndahani. Wimbo ule aliusukuma ukija, mpaka ukaanza kuja umekosewa. Kile kicheko kilichotangulia utani alikichanganya makusudi na vicheko vya watu wengine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuandika kufuli, na aliifanya kila siku, na kila siku ilipofanikiwa kidogo alilia kama aliyepewa habari ya kifo upya.